Krusedi Ilivua Msalaba Wapi?

Binti wa dada yangu ana miaka 15 na husoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungia karanga. Jumamosi moja tulikuwa tumekaa kwenye benchi la mama ntilie, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi cha Gerezani, tukisubiri chapati. Alikuwa amefungua kitabu cha Kiingereza cha historia ya Ulaya, kimoja katika vile vya mtumba vinavyotandazwa chini juu ya turubai. Akainua kichwa. "Anko, kumbe krusedi ilikuwa vita?"

Nilicheka, kisha nikaona hatanii. Krusedi anayoijua yeye ni ya viwanja vya Jangwani: jukwaa, maspika yaliyopandana hadi usawa wa minazi, kwaya yenye sare, mhubiri mgeni na mkalimani wake wakifukuzana kwa nusu sentensi, wagonjwa mstari wa mbele. Bango lake hutundikwa juu ya barabara wiki kadhaa kabla, na picha ya mchungaji na mkewe. Ndani ya kitabu chake krusedi ilikuwa na farasi na panga, na Yerusalemu ikatwaliwa mwaka 1099 kwa mauaji ambayo washindi wenyewe waliyasimulia kwa fahari. Neno ni lile lile, lakini hakuna uzi unaoshona vitambaa hivi viwili kichwani mwa msichana wa Ilala.

"Hiyo ya farasi," nikamwambia, "sisi tunaiita Vita vya Msalaba."

Akaandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Chapati zikaja, zikapoa.

Jina hilo ukilikazia macho lina mambo. Vita ni neno la Kibantu, na halina umoja, hakuna kita. Walimu wa sanifu wanataka "vita vya", Mtaa wa Kongo wa hapa Kariakoo mzima unasema "vita ya". Ugomvi huu wa sarufi unaonekana mdogo mpaka utakapotaka kuhesabu. Wanahistoria wa Ulaya huihesabu misafara ile: wa kwanza uliotangazwa na Papa Urban wa Pili mjini Clermont Novemba 1095, wa tatu wa Mfalme Richard wa Uingereza baada ya Salahuddin kuichukua tena Yerusalemu mwaka 1187, na kuendelea, hadi mji wa Akka ulipoanguka 1291. Ukisema "Vita vya Msalaba" msikilizaji hajui kama ni vita moja au nyingi. Hapo, Baraza la Kiswahili, BAKITA, linisamehe, Mtaa wa Kongo unasema vizuri zaidi: vita ya kwanza, vita ya tatu, kila moja imesimama kwa miguu yake. Wapo pia wanaoandika Vita vya Misalaba, pengine kwa kuwa kila askari alishona msalaba wake kwenye nguo. Sina neno nao, ila wingi huo mimi hunipeleka makaburini.

Msalaba ndilo neno tamu zaidi. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu s-l-b, ule ule uliotupa kusulubu na kusulubisha. Maana yake ishara kuu ya Mkristo wa Kiswahili inatajwa kwa neno lililokuja na lugha ya msahafu. Na lilipotua pwani lilipokewa kama mgeni yeyote mwenye m mbele: Kiswahili kikaichukua m ile kuwa kiambishi chake, kikapata msalaba na misalaba, kama mti na miti. Masjid nalo likapita mlango huo huo likawa msikiti, wingi misikiti. Mushaf likawa msahafu, misahafu. Mwalimu wa darasa la tatu akitoa zoezi la umoja na wingi, anaweza kuupanga msalaba juu ya msikiti na msikiti juu ya mkeka, na hakuna mzazi atakayekuja shuleni kulalamika. Hata ibada yenyewe, mmoja anasali na mwingine anaswali. Neno ni moja, wametenganishwa na w.

Sasa, wakati ule wenyewe hakuna aliyejua kwamba anapigana Vita vya Msalaba. Waliotoka Ufaransa na Ujerumani wakielekea Yerusalemu waliandika kwa Kilatini kwamba wako katika iter, yaani safari, au peregrinatio, yaani hija. Jina lenye msalaba ndani yake lilikuja kuzoeleka baadaye. Tungefuata maneno yao neno kwa neno tungeandika "Safari ya Yerusalemu", jina ambalo lingefaa basi la mkoani. Na upande wa pili, Waislamu wa Shamu kwa kawaida hawakuwataja kwa msalaba. Waliwaita Ifranj, watu wa Ufranki, kabila fulani la kutoka kaskazini. Usama ibn Munqidh, aliyezaliwa mwaka ule ule wa Clermont akaishi karibu miaka 93, alipigana nao, akala nao, akawasengenya katika kumbukumbu zake, na wote kwake ni Ifranj. Kiarabu hakikuwa na "vita vya kimsalaba" kama jina la historia mpaka karne ya 19, kilipolichukua kutoka Ulaya; kitabu kimoja cha mapema cha Kiarabu kilichobeba jina hilo kichwani, cha Sayyid Ali al-Hariri, kilitoka Cairo mwaka 1899. Istilahi tunayodhani ni ya zama za kati ni ya juzi tu.

Lile jina la Ifranj lakini lilifika kwetu mapema, tena kwa merikebu. Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16 na kuitwa Kitab al-Sulwa, inaeleza kwamba zilikuja habari kutoka Msumbiji za watu wa nchi ya Faranji wenye merikebu tatu, na nahodha wao anaitwa al-Mirati. Msomaji anajiuliza, huyu Mirati ni nani? Ni Vasco da Gama, mwaka 1498. Mwandishi alisikia Wareno wakimwita almirante, mkuu wa merikebu, akadhani ndilo jina lake. Na almirante yenyewe ni mtoto wa amir wa Kiarabu, aliyetekwa Ulaya, akalelewa Kireno, akarudi Bahari ya Hindi hatambuliki na ndugu zake. Neno amir lingine lilibaki nyumbani, na leo tunalo Ikulu: Amiri Jeshi Mkuu.

Hapa ndipo Vita vya Msalaba vinapoacha kuwa habari ya kitabu cha mtumba. Papa alipovunja shirika la Wapiganaji wa Hekalu mwaka 1312, mali yake kule Ureno ilipewa shirika jipya, la Kristo, lililoanzishwa 1319. Mfalme Manuel, aliyewatuma kina da Gama, alikuwa mkuu wa shirika hilo, na msalaba wake mwekundu ukawa alama ya merikebu za Kireno. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, akajenga ngome akaiita Santiago, kwa Mtakatifu Yakobo, yule ambaye Wahispania na Wareno walimpa lakabu ya Muua Waislamu wa Andalusi. Kisha akaenda kuichoma moto Mombasa. Ngome ya Kilwa waliitelekeza mwaka 1512. Lakini waliacha neno.

Kireno cha kanisa ni igreja. Ngome zao zilikuwa na kanisa ndani, na mtu wa pwani aliyekuwa nje ya ukuta, akisikia kengele na kuona mizinga, hakuwa na sababu ya kutenganisha nyumba ya sala na nyumba ya baruti. Igreja likawa gereza, na gereza likawa ngome. Ukienda Kilwa Kisiwani leo utaonyeshwa Gereza, jumba la mawe pale ufukweni, na hakuna anayetarajia wafungwa ndani. Baadaye ngome zikageuzwa kuwa mahabusu. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Gereza likaishia mahali lilipo sasa, kwenye jina la kata na kwenye kituo cha mwisho cha mwendokasi.

Kinachonikosesha usingizi ni hiki. Igreja limetokana na neno la Kigiriki ekklesia, mkusanyiko wa watu walioitwa. Kanisa, neno tulilolichukua kwa Waarabu, asili yake ni Kiaramu, na maana yake ya zamani nayo ni mkusanyiko. Yalikuja kwetu maneno mawili yenye maana moja, kila moja kwa jahazi lake. Lililoletwa na Waislamu tukalitundika mlangoni kwa Wakristo. Lililoletwa na Wakristo wenyewe, kwa mizinga, tukawafungia humo wahalifu. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hivyo. Sijui hukumu kali kuliko hiyo katika kamusi yetu, na imepitishwa na wavuvi na wachukuzi wa maji.

(Wareno hawakutuachia gereza tu. Meza, leso, bendera, karata na mvinyo ni vyao. Kariakoo isingeweza kufungua duka bila vitatu vya kwanza.)

Binti alikuwa ameanza kula. Akaniuliza kama baada ya Wareno krusedi iliisha. Nikamwambia la, ilikuja tena mara moja, tena kwa jina lake kamili, na safari hii karibu kabisa na hapa.

Mwaka 1888 Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa katika bara letu. Uovu aliousema ulikuwa wa kweli. Misafara ya Ujiji na Tabora haikuhitaji kutiwa chumvi. Lakini jina alilolipa kazi yake alilitoa kwenye kabati la zamani: krusedi. Wakati huo huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imepandisha bendera pwani, mwezi Agosti, kwa kodi na kiburi, na Abushiri bin Salim al-Harthi wa Pangani akaongoza watu kuipinga. Bismarck, kansela wa Ujerumani, hakuwa na hamu ya kuombea kampuni fedha bungeni. Krusedi ya Kardinali ikampa lugha. Oktoba mwaka huo ulifanyika mkutano mkubwa mjini Köln, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, na Januari 1889 Bunge la Ujerumani likapitisha mark 2,000,000 za kukomesha biashara ya watumwa na, kwa pumzi hiyo hiyo, kulinda maslahi ya Wajerumani huku. Mwezi huo huo wapiganaji wa upande wa Abushiri walikuwa wameivamia misheni ya Wabenediktini kule Pugu, wakaua na kuteka wamisionari. Desemba, Abushiri akanyongwa Pangani.

Jeshi alilokuja nalo afisa wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, kuitekeleza kazi hiyo iliyobarikiwa kwa jina la krusedi lilikuwa na mamia ya Wasudani waliokusanywa Misri. Waislamu.

Na majina? Wajerumani waliandika Uasi wa Waarabu, ili ionekane wenyeji hawamo. Sisi tunasema Vita vya Abushiri. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa Tanga aliyevitungia utenzi, jina la kazi yake ni Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Wadachi, si Wakristo. Kutamalaki, yaani kujifanya mmiliki. Mrima, yaani pwani hii ya bara. Mtu aliyekuwa upande wa walioshindwa, Mwislamu msomi, aliyekuwa na kila sababu ya kuviita vita vya dini, alitumia neno la mali na ardhi. Ukinipa nafasi ya kufundisha istilahi siku moja tu, nitaandika jina hilo ubaoni na kuketi.

Sasa tugeuze sarafu, maana mpaka hapa mwenye jihadi ananicheka tu. Jihadi limetoka kwenye j-h-d, kujikaza, kutumia nguvu zako zote. Mzizi huo ulipofika kwetu ulizaa watoto wengi. Jihadi akapewa vita. Juhudi akapewa shamba na daftari. Jitihada na kujitahidi wakafuata. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaka watu wafanye kazi kwa juhudi na maarifa, hakuna askofu aliyeshtuka. Ripoti ya shule ya huyu binti, anayekwenda kipaimara, imeandikwa na mwalimu wake wa hisabati: aongeze juhudi. Katika Kiswahili hakuna tusi wala hofu katika neno hilo, kwa sababu upanga tuliuacha kwa kaka yake.

Na wale wale waliopitishiwa mark milioni mbili chini ya msalaba walikuja kulihitaji neno la kaka. Novemba 1914 dola ya Uthmaniyya, iliyokuwa upande wa Ujerumani, ilitangaza jihadi kutoka Istanbul, na watawala wa Kijerumani wakausambaza wito huo kwa Waislamu wa koloni hili wasimame nao dhidi ya Mwingereza. Miaka 25 tu ilikuwa imepita tangu Abushiri anyongwe. Sijawahi kuona serikali nyingine iliyobadilisha msamiati haraka hivyo bila kubadilisha nia.

Waingereza nao hawakuja na msalaba wala mwezi. Walikuja na mizigo. Vita ile, Vita Kuu ya Kwanza, huku ilipiganwa porini bila barabara, farasi na ng'ombe wakifa kwa ndorobo, hivyo kila risasi na kila gunia la unga lilipanda kichwani mwa mtu. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, kikosi cha wapagazi kiliwekwa kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Kiingereza kilikiita Carrier Corps. Midomo ya hapa ikakimeza, ikatema Kariakoo. Nairobi wanao Kariokor wao. Kwa hiyo ukitafuta ukumbusho wa vita katikati ya mji huu, nje ya ile sanamu ya Askari pale Samora, unao: ni jina la mahali unaponunua vitunguu, na ni jina la wabeba mizigo, Waislamu kwa Wakristo kwa wasio na moja wala jingine.

Nisije nikaonekana nasema kwamba mtaa huu haujui kugombana kwa ajili ya Mungu. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala kwa sababu ya mtoto aliyedaiwa kuukojolea msahafu, na Ijumaa iliyofuata, tarehe 19, baada ya swala, Kariakoo yenyewe ilifunga maduka, mabomu ya machozi yakapigwa na wanajeshi wakaonekana barabarani. Nakumbuka zaidi maneno. Kiswahili cha Dar kina ngazi: kelele, zogo, fujo, vurugu, ghasia, machafuko, mapigano, kisha ndiyo vita. Siku ile mtaa ulipanda hadi vurugu ukakaa hapo. Niliwasikiliza wenye maduka wakivuta mageti chini. Wote, wa kofia na wa rozari, walisema vurugu. Vita katika mitaa hii imetengewa Simba na Yanga.

Turudi kwenye krusedi ya Jangwani. Katika Kiingereza neno hilo lilishapauka. Jenerali Eisenhower alilitumia kwenye jina la kumbukumbu zake za vita mwaka 1948, Billy Graham akaliweka kwenye mikutano yake ya viwanjani, na wengine wakalitumia kwa kampeni ya kupinga sigara. Septemba 2001 George W. Bush alilitamka siku tano baada ya minara ya New York kuanguka, na masikio ya nusu ya dunia yakasikia farasi. Sisi tuliletewa neno hilo likiwa limepauka tayari, na wahubiri waliolijua kama jina la mkutano tu. Kwa kuwa herufi zake hazina msalaba unaoonekana, likapita getini bila kukaguliwa. Lingekuja likiwa limetafsiriwa, "Mkutano wa Vita vya Msalaba, Viwanja vya Jangwani, kuanzia saa tisa alasiri", wenye spika wangeomba kulipwa kabisa kabla.

Ndiyo maana makanisa yanayoandika "mkutano wa injili" nayaona yana sikio zuri zaidi, ingawa najua hayakuniuliza. Lakini silioni krusedi kama neno baya. Nimeshaona lugha hii ikifanya hivi mara nyingi mno: inachukua neno lililotoka vitani, inalikata mapande mawili, pande moja inaliweka kabatini pamoja na damu yake, la pili inalitoa sokoni likauzwe. Jihadi na juhudi. Vita vya Msalaba na krusedi. Kanisa na gereza lilikuwa jambo jingine. Pale ilikuwa na hasira.

Binti akafunga kitabu, akafuta mafuta ya chapati kwenye jalada kwa kiganja. "Kwa hiyo, Anko," akasema, akiangalia basi la mwendokasi likiingia na maandishi yake ya taa mbele, "wote wale wanaokwenda Gerezani wanakwenda kanisani?"

"La Kireno," nikamjibu.

Nyuma yetu mkokoteni ulikuwa unakuja kasi, umepandishwa viroba hadi msukumaji haonekani, sauti yake tu. "Pisha mzigo! Mzigo huo!" Tukavuta miguu chini ya benchi.